Hesabu maji kabla ya kuhesabu ndege

Mwaka ukigeuka, watazamaji wa ndege huulizana swali lile lile: umeona nini cha maana? Kwa Mtwara na Lindi tunamweka wa kwanza ndege mla kaa, yule ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Wapo watakaopinga na kumtaja pita wa msituni. Kwa rangi pita kamzidi, hilo tunakubali. Kwa vituko mla kaa hana mpinzani.

Ni ndege mweusi na mweupe mwenye urefu wa sentimita 40 hivi na miguu mirefu ya kijivu. Mdomo wake ni mweusi, mnene, umechongoka kama kifuo cha kufulia nazi, na kazi yake haina tofauti kubwa: anamchoma kaa na kumpasua. Hutembea ameinama, hukimbia hatua chache, husimama ghafla, kisha hupiga. Hutaga kando ya bahari kuanzia Ghuba ya Uajemi na Oman hadi Bahari ya Shamu na Somalia. Huko huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Kuanzia Agosti huanza kuteremka pwani yetu, na wengi huwa hapa hadi Aprili. Wachache wasiozaa mwaka huo hubaki hata wakati wa kusi. Jambo la kutazama kwa makini ni kinda: rangi yake ni ya kijivu badala ya weusi safi, na humfuata mzazi akilialia aombe chakula, ingawa amesharuka safari yote hiyo kwa mabawa yake mwenyewe. Ukiona mkubwa anampa mwenzake kaa, umeona kitu ambacho jamii nyingine za ndege wa ufukweni hazifanyi zikiwa mbali na mahali pa kuzaliana.

Pa kumtafuta ni kwenye matope na mchanga unaofunuka maji yakitoka: Msangamkuu, ghuba ya Mikindani, na upande wa Msimbati ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Lakini kujua mahali ni nusu ya kazi. Wageni wengi hurudi mikono mitupu kwa sababu moja: wamekwenda saa za maji kukupwa.

Wanafikiri hivi: maji yakitoka, chakula kiko wazi, ndege watakuwepo. Ni kweli watakuwepo, ila watakuwa wametapakaa kilometa nzima mbele yako, vidoti juu ya matope, na ikifika saa 4 asubuhi joto linaanza kutetemesha hewa kiasi kwamba hata darubini ya miguu mitatu haikuonyeshi kitu zaidi ya vivuli vinavyocheza. Unachotaka ni maji yanayojaa. Maji yakipanda huwasukuma ndege wote kuelekea kwako, hatua kwa hatua, mpaka wakusanyike kwenye kisiwa cha mchanga kilichobaki. Fika yakiwa yamebaki saa 2 maji kujaa, kaa chini, uwaache waje.

Hesabu yake ni nyepesi. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kukupwa kupita siku nyingine, huwa siku 1 au 2 baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo pwani ya kusini maji hukupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 jioni, na tofauti ya kina hupita mita 3. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo siku ya bamvua uwe umeshakaa saa 8 mchana. Jua nalo litakuwa limeelekea magharibi, na ufukwe unaotazama mashariki, kama ule wa mji wa Lindi, utalipata jua mgongoni mwako. Asubuhi mahali hapo hapo utakuwa unapigana na mwanga wa machoni. Wakati wa maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, kujaa huangukia asubuhi, maji hayatoki mbali, na ndege hawana haja ya kujikusanya. Siku hizo ziache kwa ajili ya kuwachunguza wadogo mmoja mmoja. Kama huna ratiba ya maji, muulize mvuvi yeyote leo ni mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Umbali: usisogee chini ya mita 100 kutoka kundi lililopumzika. Dalili ya kwamba umekaribia mno ni vichwa kunyanyuka na wote kugeukia upande mmoja. Hapo rudi nyuma taratibu, usisubiri waruke. Mwezi wa Machi na Aprili hili lina uzito zaidi, maana wanajaza mafuta ya safari, na kila kurushwa hovyo ni mafuta yanayoteketea.

Kuhesabu kundi kubwa, hesabu 10 wa kwanza kwa makini, ujue wanachukua nafasi gani kwenye jicho la darubini, kisha pima kundi zima kwa vipande vya ukubwa huo. Fanya mara 3, andika namba ya katikati. Jicho lisilozoea hupunguza: kundi la 400 huonekana 200. Tena, ndege wakiwa wamesimama, walio nyuma hufichwa na walio mbele, kwa hiyo hesabu tena wakiruka wenyewe.

Ndani ya kundi hilo hilo kuna wale ambao watu wengi huwaita kitwitwi tu, basi, na kuwaacha. Hasara kubwa. Tafuta mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya manjano inayokaribia chungwa, anayekimbia kama kachelewa feri ya Msangamkuu: huyo ni Xenus cinereus, kutoka nchi za kaskazini hadi Siberia. Mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini na michirizi kichwani ni sululu. Anayegeuza mawe na mwani, miguu ya chungwa, kifua kama kavaa kizibao cheusi, ni Arenaria interpres. Wale wawili wa mchangani wanaofanana, mkubwa na mdogo (kwa Kiingereza sand plover), ndio wanaotia ugomvi kila mwaka. Usitegemee ukubwa ukiwa huna wa kulinganisha naye. Tazama mdomo: kwa mkubwa, urefu wa mdomo unazidi umbali wa kutoka mzizi wa mdomo hadi nyuma ya jicho. Usipoona vizuri andika "mmojawapo". Hakuna aibu.

Mabwawa ya chumvi ya pwani ya Lindi ni makimbilio mazuri maji yakijaa. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, tembea juu ya matuta makavu tu. Tuta lenye unyevu hubomoka, na bwawa likivuja wiki kadhaa za kazi ya mtu zimekwenda.

Tukitoka baharini, wa pili kwetu ni kozi wa Amur. Anazaliana Uchina na Siberia ya mashariki, anapitia India, kisha anavuka Bahari ya Hindi yenyewe bila kutua, zaidi ya kilometa 3,000, kwenda kusini mwa Afrika. Huku kwetu mtegee mwisho wa Novemba na Desemba, siku ya pili ya mvua, kumbikumbi wanapotoka. Usitazame mitini, tazama juu, mawingu yanapoanza. Dume ni wa kijivu kilichokolea, na chini ya bawa sehemu ya mbele ni nyeupe kabisa. Miguu ni myekundu inayoelekea chungwa. Kosa la kawaida ni kumchanganya na kozi mwingine wa kijivu, Falco concolor, anayepita miezi hiyo hiyo akielekea Madagaska. Huyo bawa lake ni la kijivu chini kote na miguu ni ya manjano. Jike wa Amur ana kifua cheupe chenye madoa na michirizi, na ndiye anayeandikwa vibaya mara nyingi.

Pita, Pitta angolensis, anakuja na mvua za mwanzo. Jina linamfaa, kwa kuwa wengi wao ni wapitaji, na husafiri usiku. Mgongo wa kijani, nukta za buluu zinazong'aa bawani, tumbo jekundu. Hata hivyo rangi zote hizo hazikusaidii ndani ya kichaka cheusi, maana hukaa chini akifukua majani makavu. Msikilize. Alfajiri dume hupanda tawi la chini, huruka juu kidogo wima na kushuka pale pale, na kila akiruka hutoa mlio mmoja mfupi kama kitu kinachopasuka ndani ya maji. Msimu wa mlio ni mfupi, wiki chache tu. Akishapata mwenza hunyamaza na umemkosa mpaka mwakani. Kwa ajili hiyo wapo wanaomchezea sauti yake kwenye simu ili atoke. Tunasema wazi: acheni. Dume anayehangaika kumfukuza simu halishi, hatagishi, na nyoka au kipanga anajua alipo.

Uwanda wa Rondo, mkoani Lindi, unahitaji siku 2 kamili. Ukishaacha lami ya barabara ya Mingoyo hadi Masasi, njia ya kupanda uwandani ni ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha hata bodaboda hugoma. Nenda Juni hadi Oktoba kama unataka kufika. Nenda Novemba kama unataka sauti. Pata kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kabla ya kuingia msitu wa hifadhi, na usichanganye msitu wa asili na shamba la misaji na misonobari, ambamo unaweza kutembea asubuhi nzima ukasikia shore wawili tu.

Anayewapeleka watu Rondo ni zuwakulu wa kijani. Ukimwona kwa mara ya kwanza hatakushangaza: kijani iliyofifia, kichwa cheusi kidogo, doa la manjano-kijani nyuma ya jicho. Kinachoshangaza ni ramani. Wenzake wa namna hii hii wanapatikana msitu wa Ngoye, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, na katikati hapana. Misitu iliyowaunganisha zamani imekatika, wao wakabaki pande mbili. Tafuta mkuyu uliozaa, simama chini yake kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, usikilize "chok, chok, chok" isiyobadilika, kama mtu anayegota mpini.

Mwingine wa Rondo ni Sheppardia gunningi, mdogo, kifua cha chungwa, mgongo wa kahawia-zeituni. Mfuate kwa siafu. Ukikuta msafara wa siafu umetawanyika kuwinda, rudi nyuma hatua 10, chomeka suruali kwenye soksi, usubiri nusu saa. Yeye huja kuokota wadudu wanaokimbia. Na yule mdogo mweusi na mweupe mwenye mkia mfupi, Batis reichenowi, aliyeelezwa na Mjerumani Hermann Grote mwaka 1911, ni wa kusini mashariki hapa hapa. Anayefanana naye, Batis soror, anapenda miombo na pori la wazi. Kama upo kwenye msitu uliofunga juu, anza na reichenowi. Kama unaona anga, anza na soror.

Kerem tunawataja kwa haraka kwa kuwa hawana shida. Oktoba hadi Aprili ni kerem wa Ulaya, koo la manjano na mgongo wa hudhurungi. Kusi ikishika, yule wa kijani mwenye kofia ya kahawia ni kerem wa Madagaska. Ni kama wamepeana zamu.

Vifaa. Darubini ya 8x42 inatosha: namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ya 10x hutikisika mkononi pepo za kaskazini zikivuma, na msituni inakunyima upana wa kuona. Chumvi ikiganda kwenye kioo usiifute kavu kwa khanga wala shati. Chembe zake hukwaruza. Mwagia maji safi kidogo kwanza, kisha futa. Unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya vioo, kwa hiyo ihifadhi kwenye chombo kinachofunga, pamoja na kijifuko cha mchele uliokaangwa mkavu, ubadilishe kila wiki 2.

Ukiwa Msimbati au karibu na Ruvuma, piga hodi ofisi ya kijiji kwanza. Ni mpakani, kuna mitambo ya gesi, na mtu aliyesimama na darubini ya miguu mitatu anahitaji kuwa tayari ameshajulikana. Usiielekeze kwenye mitambo hata kwa bahati mbaya.

Na mikorosho. Kuanzia Juni wakulima hupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, na hufanya hivyo alfajiri, upepo umelala na majani yana umande. Ndiyo saa yako na wewe. Ukisikia mashine ya kupulizia zunguka upande unakotoka upepo, au subiri hadi saa 3. Salfa machoni inamaliza asubuhi yako yote.

Andika pale pale, usingoje nyumbani: mahali, saa, maji yanajaa au yanakupwa na yamebaki muda gani, upepo, umbali, idadi, na alama 2 ulizoziona mwenyewe kabla hujafungua kitabu au eBird, programu ya kuandikia ndege ulioona. Ukiona pete mguuni andika mguu upi, wa kulia au kushoto wa ndege na si wako, juu au chini ya goti, rangi kuanzia juu kushuka, na herufi zinavyosomeka. Herufi moja usiyo na hakika nayo iwekee alama ya kuuliza.