Servo iliyokuwa inaunguruma

Majirani hapa Pasiansi wameshazoea kuniona nimechuchumaa juu ya jiwe, mtu mzima na ndevu zangu, naendesha gari la rimoti. Mawe ya kupanda Mwanza ni ya bure. Shida ni kwamba gurudumu la mbele likinasa kwenye ufa, mzigo wote unaishia kwenye servo ya usukani, yaani kile kimota chenye gia kinachogeuza magurudumu ya mbele.

Servo ya kwanza ilikuwa na gia za plastiki. Ilidumu Jumapili moja. Kuifungua, nakuta mapengo kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikaagiza MG996R, gia za chuma, gramu 55. Kwa volti 6 inatajwa kutoa nguvu ya kilo 11, ila hiyo ni kwa mkono wa sentimita moja, kile kipande kinachofungwa kwenye ekseli yake. Ukiifungia mkono wa sentimita mbili unabaki na kilo tano na nusu, na muuzaji hakwambii.

Basi nikawa nikikata kona hadi mwisho, inaunguruma. Mmmmm. Ukiigusa, ya moto kama kikombe cha chai. Mara gari linazimika, mara linawaka lenyewe. Nikajua nimeuziwa feki.

Nikampelekea mzee mmoja fundi redio, kule Makoroboi, hapahapa Mwanza. Bisibisi hakushika. Alizungusha usukani wa rimoti, akainama, akasikiliza.

"Kijana, hii inasukuma ukuta."

Kweli. Magurudumu yameshagota mwisho wake, rimoti bado inaiamuru servo iendelee. Ikikwama hivyo inavuta umeme mwingi, volti zinashuka, risiva (inayopokea amri za rimoti ndani ya gari) inazimika.

"Sasa mzee, nibadilishe servo?"

"Servo imekukosea nini?"

Hela yote nilikuwa nimeimalizia kwenye servo, rimoti nikaokoteza ya bei ya chee. Ilikuwa na trimu, lakini trimu inahamisha katikati tu; haipunguzi mwendo wa kila upande.

Rimoti niliyonayo sasa ni ya mawimbi ya redio ya 2.4 GHz, ya kushika kama bastola, na kikomo cha kushoto na cha kulia napanga mwenyewe. Napunguza mpaka muungurumo unyamaze, kisha napunguza tena kidogo. Kulia imekaa asilimia 78, kushoto 85, maana fimbo ya usukani sikuifunga katikati sawasawa (nitairekebisha, nasema hivyo tangu mwaka jana).

Kabla ya kulipa niliomba kujaribu jambo moja. Tuliinua gari magurudumu yakiwa hewani, nikabana kidogo kifyatulio cha mwendo, nikazima rimoti. Magurudumu yakasimama: likikosa mawimbi ya rimoti, gari linasimama lenyewe. Yangeendelea kuzunguka nisingeinunua, kwa sababu Jumamosi huwa nashuka nalo mpaka ufukweni, na mawimbi ya 2.4 GHz hayafiki mbali ndani ya maji. Likishazama, hata ubonyeze nini, unavua viatu unalifuata.

Ile servo niliyoiita feki ndiyo hiyohiyo inayokata kona mpaka leo. Rimoti ya zamani nimempa mtoto wa jirani, keshaifungua atoe springi.