Sweelinck, mpiga kinanda wa Amsterdam ninayemkubali sana

Jamani huyu Jan Pieterszoon Sweelinck mimi namkubali kupita maelezo. Kazaliwa Deventer, Uholanzi, 1562, baba yake alikuwa mpiga kinanda kikubwa cha mabomba (ogani) wa kanisa la Oude Kerk pale Amsterdam, na yeye akaja kukalia kiti kilekile mpaka anafariki 1621, kisha mwanae Dirck akakipokea. Sasa sikia, 1578 mji ukashikwa na Wakalvini, yaani Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Calvin, na hao kinanda kwenye ibada hawataki kabisa, zaburi ziimbwe kwa sauti tupu basi, ila kinanda chenyewe kilikuwa mali ya mji, kwa hiyo wakuu wa mji wakaendelea kumlipa apige kabla au baada ya ibada, watu wanaingia kusikiliza tu, yaani konseti za bure kanisani enzi hizo!

Kusafiri hakusafiri sana, wanafunzi ndo walimfuata, kina Samuel Scheidt na Heinrich Scheidemann kutoka Ujerumani. Tafuteni ile kazi aliyoitunga, Fantasia Chromatica, muisikilize, noti sita tu zinashuka hatua ndogondogo, halafu anazirudia juu, chini, katikati, mara taratibu mara mbiombio, na hauchoki.