Siku moja maishani mwangu: kuwapeleka wageni kwa gorila wa Bwindi

SAA 11 ALFAJIRI
Naamka kabla ya wageni, ndo kazi ilivyo. Hapa Buhoma, kijiji cha mlangoni mwa hifadhi ya Bwindi nchini Uganda, bado giza na baridi inauma, nawasha tochi nakagua oili na tairi za Kruza maana barabara ya jana toka Kihihi ilikua tope tupu. Mi ni dereva na muongoza watalii, kwetu Bukoba, na safari hii nimemleta mama mmoja mwalimu mstaafu wa Mwanza na wanae wawili wakubwa, wa kike na wa kiume. Tumevukia Mutukula tukapita Masaka, Mbarara, hadi huku. Wabongo kuja huku bado wachache na inaniuma kwakweli, kwasababu mgeni wa kutoka ng'ambo analipa dola 800 kukaa na gorila saa moja tu, ila sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi ya Uganda na ni pungufu mno, watu wengi hawajui hata kama hiyo bei ipo.

SAA 12
Chai, mayai na chapati. Kijana anakuja mezani anapiga chafya, macho mekundu, sauti imekauka. Nikamuuliza kaka vipi, akasema mafua tu, yalimuanza njiani. Moyo ukanishuka. Nikamwambia kaka yangu pole sana ila leo huwezi kuingia msituni.

Mama akaingilia, "Mwanangu, hela si imeshalipwa? Si avae barakoa akae nyuma kabisa?"

Nikakaa chini nikawaeleza vizuri, manake hii sio amri ya kumtupia mtu juujuu. Gorila damu yake na yetu zinakaribiana mno, ugonjwa wetu unampata na yeye hana kinga nao, mafua ambayo wewe unakunywa tangawizi yanaisha yeye yanamuua, na kwenye familia wanalala karibu karibu akiugua mmoja wameugua wote. Nikawapa na kisa cha mwaka 1996 hapahapa Bwindi, gorila walishikwa na upele wakawa wananyonyoka manyoya, mtoto mmoja akafa, na daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka na wenzake walipofuatilia wakaona umetoka kwa binadamu, inasadikiwa ni kwenye nguo chakavu za sanamu za kutishia wanyama mashambani. Hesabu iliyotoka baada ya sensa ya 2018, hawa gorila wa milimani dunia nzima walikua 1,063, Bwindi na Sarambwe ya upande wa Congo 459, waliobaki milima ya Virunga. Na hakuna zuu yoyote duniani yenye gorila wa milimani, wakiisha hapa wameisha.

Mama akanyamaza kidogo, afu akasema basi abaki. Kijana hakubisha, ila alisukuma sahani akarudi chumbani, na mi nilimuelewa, amejinyima kwa ajili ya hii safari.

SAA 1 NA NUSU
Ofisi ya hifadhi. Kina mama wa kijiji wanaimba na kucheza, tunapimwa joto, tunanawa, tunapewa masharti. Watu wasiozidi 8 kwa familia moja ya gorila, chini ya miaka 15 haruhusiwi, barakoa ukifika karibu, mita 10 toka walipo. Sisi tukapangiwa Rushegura, familia iliyojitenga na Habinyanja mwaka 2002. Nikawachukulia mama na binti mpagazi kila mmoja. Nawasisitiza wageni wote wachukue hata kama begi ni jepesi, kijana wa pale akipata hela halali kwa gorila hana sababu ya kwenda kutega mitego. Mwaka 2020 Rafiki, silvabaki yaani dume kubwa la mgongo mweupe linaloongoza familia, wa familia ya Nkuringo, aliuliwa kwa mkuki na jangili aliyeingia kuwinda wanyama wadogo, ile habari ilituumiza wote tunaofanya hii kazi.

SAA 2 NA NUSU
Tunaingia. Soksi juu ya suruali kwasababu ya siafu, glavu mkononi kwasababu ya majani yanayowasha, mteremko, mizizi, unashuka unapanda unashuka tena. Renja wa mbele anaongea Kiingereza na Rukiga, mi Kihaya changu kinanisaidia tunasikilizana, na askari mwenye bunduki Kiswahili anakijua vizuri, akawa anampa moyo mama, "Polepole mama, tutafika tu." Hiyo bunduki ni ya kupiga hewani tembo wakitokea. Njiani nikawaambia habari za Wabatwa, msitu huu ndo ulikua nyumbani kwao mpaka ulipofanywa hifadhi 1991 wakatolewa bila fidia, na mpaka leo wengi hawana ardhi. Hilo nalisema kila safari na sitaacha.

SAA 4 NA NUSU
Redio upepo inaita. Wafuatiliaji wametangulia tangu alfajiri, wameanzia kwenye vitanda vya majani walivyolala gorila jana wakafuata nyayo, na wamewapata. Tunaacha fimbo na mabegi, tunavaa barakoa.

Nasikia kwanza matawi yanavunjika. Afu nawaona, jike linachana magome kwa meno, mtoto amelala mgongoni mwa mamake, na silvabaki ameketi ametupa mgongo, ule weupe wa mgongoni umelowa umande, mabega mapana mpaka unajisahau kupumua. Renja anatoa sauti ya kooni, mmmh, ya kuwaambia tumekuja kwa amani, na silvabaki akamjibu vilevile bila kugeuka. Katoto kamoja kakaanza kutufata, yule mama mwalimu akanyoosha mkono bila kujua, tukamrudisha nyuma taratibu, kakasimama kakajipigapiga kifua kakaanguka chali. Mama machozi yanamtoka ndani ya barakoa, anarudia tu "Mungu wangu, Mungu wangu." Saa moja inaisha haraka mno.

SAA 9 MCHANA
Tumerudi, tumekula, vyeti vimetoka. Binti anamuonyesha kakake video, kijana anaangalia kimya, afu akaniuliza kale katoto kana umri gani, nikamwambia makadirio ya renja ni kama mwaka na nusu. Akasema, "Bora sikuingia." Nikamshika bega.

SAA 2 USIKU
Dizeli nitajaza Kihihi kesho. Nimemwandikia bosi meseji ndefu, kuanzia safari ijayo tuwaulize wageni afya zao kabla hatujatoka Mwanza, na tuwaeleze mapema mwenye mafua haingii, sio aje ajue hapa mezani. Kajibu tutaongea nikirudi, na nitaongea nae.