Kompyuta kibao ya mwalimu wa jiografia, Lubumbashi

Wengi wanaoniona na kompyuta kibao mkononi hudhani kwamba naishi ndani ya intaneti. Ukweli ni kwamba kifaa changu hakina hata laini ya simu, na kwa sehemu kubwa ya siku hakijaunganishwa na mtandao wowote. Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari ya Katuba, mojawapo ya komini, yaani sehemu za utawala, za mji wa Lubumbashi, na kinachonifanya nikithamini ni yale niliyoyahifadhi ndani yake: vitabu, ramani, picha na maandalio ya masomo, vyote vikifunguka hata pale umeme umekatika mtaa mzima na mega, yaani kifurushi cha intaneti, zimeisha kwenye simu.

Niliamua kukitumia hivyo, bila mtandao, kwa sababu ya hali ya mji wetu. Umeme huja na kuondoka, na mara nyingine unarudi saa ambayo watu wamelala. Basi ukirudi, kazi ya kwanza ni kuchaji, na ya pili, ikiwa simu ina mega za kutosha, ni kuifungulia tableti mtandao kutoka kwenye simu ili ipakue kile nitakachokihitaji wiki ile. Baada ya hapo naufunga. Sisomi habari humo, wala sijaweka programu ya kutumiana ujumbe, kwa kuwa mambo hayo yana mahali pake kwenye simu. Nikifungua tableti, mikono na akili yangu vinajua kwamba tumekuja kufanya kazi, na jambo hilo peke yake limenirudishia jioni nyingi ambazo zamani zilipotea katika kujibu salamu.

Hazina kubwa iliyomo ni Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 80,000, pamoja na sehemu ya ile ya Kifaransa. Zote nazisoma kwa programu ya Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa lengo hilihili la kuwafikishia maarifa watu wasio na intaneti. Kila kamusi elezo huja kama faili moja, unaipakua mara moja na kutafuta ndani yake bila mtandao. Faili ya Kiswahili ni ndogo na kadi ya kumbukumbu ya kawaida inaibeba bila shida. Ile ya Kifaransa yenye picha zote hufika makumi ya gigabaiti, kwa hiyo nilichukua ile isiyo na picha. Masomo yetu hufundishwa kwa Kifaransa na Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, huja kwa Kifaransa, lakini mwanafunzi anapokwama namweleza kwa Kiswahili, na kuwa na makala mbili za mada moja, kila moja kwa lugha yake, hunisaidia kuandaa maelezo hayo mapema badala ya kuyabuni nikiwa mbele ya ubao.

Somo ambalo tableti imelibadilisha kuliko yote ni lile la mito na nishati. Shule yetu haina projekta, na darasa lina wanafunzi wanaokaribia sitini. Kwa hiyo napita nayo safu kwa safu, nikiwa nimeishika kwa mikono miwili, na kila benchi hupewa muda wake wa kutazama. Picha ninayoanza nayo ni ya satelaiti, niliyoihifadhi nilipokuwa na mtandao: inaonyesha ziwa Tshangalele, maji yaliyotanda juu ya tambarare za mto Lufira, kisha ukingo mwembamba wa bwawa la Mwadingusha, na baada yake mto unaoporomoka kwenye bonde. Nawaomba watanue picha kwa vidole viwili hadi waone mahali hasa maji yanapozuiliwa. Mwanafunzi aliyekariri tangu darasa la chini kwamba Mwadingusha ni kituo cha umeme huko karibu na Likasi huinamia kioo, akafuata mto kwa kidole, kisha akauliza mwenyewe kwa nini bwawa lilijengwa pale na si mahali pengine. Hapo ndipo nazungumzia maporomoko, kimo cha maji, na kampuni ya Union Minière iliyohitaji umeme kwa ajili ya shaba, hata kituo kikaanza kazi mwaka 1930.

Kutoka hapo twaenda kwenye ramani ya nchi nzima, na nawaonyesha laini ya umeme inayotoka kwenye mabwawa ya Inga, mto Kongo, hadi mji wa migodi wa Kolwezi, urefu wa kilomita 1,700 hivi, iliyojengwa ili kuleta umeme kwenye migodi ya Katanga na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakiivuta ramani polepole kutoka magharibi kuja kusini-mashariki, wanaona jinsi laini ile inavyopita juu ya maeneo mengi ambayo hadi leo hayana umeme. Swali la haki linatoka kwao bila mimi kulichokoza. Ramani ya karatasi iliyotundikwa ukutani ni nzuri, nami bado naitumia, lakini haiwezi kumruhusu mtoto wa benchi la nyuma kusafiri mwenyewe kutoka Inga hadi Kolwezi.

Matumizi mengine ni ya kawaida zaidi. Pointi za wanafunzi naziweka kwenye jedwali linalojumlisha lenyewe, na mwisho wa kipindi nazinakili kwenye daftari, maana daftari ndilo linalotambuliwa na uongozi. Maandalio ya masomo nayo nayaandika kwanza kwenye tableti, ambako naweza kuyarekebisha mwaka hadi mwaka, halafu nayahamishia kwenye karatasi kwa ajili ya mkaguzi. Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa ni ya kurudiarudia. Mimi naona kwamba kunakili kwa mkono kunanilazimisha kulipitia somo tena, na mara nyingi ndipo naona mahali ambapo maelezo hayajakaa sawa.

Nyumbani, jioni, tableti ni ya Papa, baba yangu. Alifanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, miaka yake yote ya nguvu, na sasa macho yake hayawezi tena herufi ndogo za Biblia yake. Nilimwekea Biblia ya Kiswahili, nikazikuza herufi hadi mistari michache tu inajaza kioo kizima, na anaisoma bila kumwomba mtu msaada. Akimaliza huniomba picha za mji. Anazozipenda ni mbili za satelaiti, za miaka tofauti, zinazoonyesha lile rundo kubwa jeusi la mabaki ya uyeyushaji wa shaba kando ya bomba la moshi lenye urefu unaozidi mita 150. Katika picha ya zamani rundo ni pana, na katika ile ya karibuni limepungua, kwa kuwa limekuwa likichimbuliwa upya kutafuta kobalti iliyobaki ndani yake. Papa huzitazama kwa zamu, akieleza mabehewa yalipita wapi na ni upande gani walimwaga mabaki yakiwa bado ya moto. Nimeanza kumrekodi anapozungumza, kwa kutumia kinasa sauti cha tableti hiyohiyo, na kila rekodi naipa jina la mahali anapopaeleza.

Kifaa hiki kinahitaji matunzo, hasa kwetu ambako kiangazi huleta vumbi jekundu linaloingia kila tundu. Nakifunika kwa kitambaa kikavu, na tundu la kuchajia nimeliziba kwa kizibo kidogo cha mpira. Betri za lithiamu huchoka upesi kwa joto, kwa hiyo mwezi wa Oktoba siiachi kamwe karibu na dirisha lenye jua, na najitahidi isishuke chini ya asilimia 20. Ninapunguza pia mwanga wa kioo, kwani ndio unaokula chaji nyingi kuliko kitu kingine.

Walimu wenzangu wakiniuliza wanunue ipi, nawaambia wasihangaike na sura wala jina. Watafute yenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu, betri ya kudumu siku nzima ya kazi, na kioo cha inchi 10 hivi ambacho wanafunzi watatu wanaweza kukitazama pamoja. Programu na mafaili nitawapa mimi, kwa kuwa vyote ninavyotumia ni halali kunakiliwa na kugawana bure. Mwalimu mmoja wa Ruashi tayari amechukua kadi yenye Wikipedia ya Kiswahili, na kabla shule hazijafunguliwa Septemba nitamwongezea ramani za mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba.