Paa la kuinuka kwenye Hiace: kwa nini nimechagua bawaba ya mbele

Kila ninayemwambia kwamba tunakata paa la Hiace ananirudishia swali lilelile: si ungenunua tu ile yenye paa refu? Nimejibu barazani, nimejibu sokoni, sasa naandika, maana najua wapo wengine wanaofikiria kuwa na gari la kulala humohumo, iwe kwa kazi au kwa kutembea na familia.

Mimi ni mnunuzi wa asali. Nakaa Tabora mjini, na msimu ukifika nazunguka Sikonge, Urambo na Kaliua, nikiendelea hadi Uvinza na kuteremkia Kigoma. Warina asali wengi wanafanya kazi usiku, nyuki wakiwa wametulia, na wanatoka porini alfajiri. Mnunuzi aliyelala gesti mjini anafika saa nne anakuta ndoo zimeshachukuliwa. Kwa hiyo nalala kijijini, ndani ya gari. Hiace yangu ni ile ya bodi ya kawaida na paa fupi: urefu mita 4.695, upana 1.695, kimo 1.98. Kwa ndani, kutoka sakafuni hadi darini, unapata kama mita 1.33 tu. Mtu mzima hasimami humo. Kupika ni kwa kuinama, kufunga khanga ni kwa kulala chali, na sala ya alfajiri naiswali nimekaa wakati miguu yangu ni mizima. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niseme basi, paa hili litakatwa.

Sasa, kwa nini nisichukue lenye paa refu la kudumu? Anayeuliza aje aone njia zetu. Hapa Tabora mjini kwenyewe miembe imetandaza matawi juu ya barabara, na ukiacha lami kuingia vijiji vya miombo, njia ni ya baiskeli na pikipiki iliyopanuliwa na matrekta ya tumbaku. Kimo cha mita 1.98 kinapita. Ongeza sentimita 30 na kila tawi ni lako. Halafu kuna mzigo. Lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa inakaribia kilo 28. Gari lenye ndoo nyingi sakafuni linatulia vizuri, ila likiwa na paa refu linayumba kwenye upepo wa pembeni, na mafuta linakunywa zaidi. Paa la kuinuka linakaa chini ukiwa njiani na linapanda ukishaegesha.

Hema la juu ya gari nalo nililifikiria, na sikukaa nalo muda mrefu. Ngazi yake iko nje. Saa nane usiku, mvua inanyesha na fisi analia upande wa mto, sitaki kushuka ngazi. Isitoshe, hema la juu halikupi nafasi ya kusimama ndani ya gari, na hiyo ndiyo shida niliyokuwa nayo.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kuchagua inaanza kweli, maana mapaa ya kuinuka si aina moja. Watu huangalia rangi, picha na bei. Mimi nasema angalia kwanza bawaba iko upande gani. Upande wa bawaba ndio unaoamua mahali utakaposimama, kichwa kitalala wapi, upepo utakupiga vipi, na nini kitatokea siku komeo litakapofunguka ukiwa kwenye mwendo.

Wengi wetu tunalijua paa la magari ya watalii ya Arusha, yale mafundi wanayoyarefusha. Linanyanyuka lote kwa pamoja juu ya nguzo, wageni wanasimama na kuangalia tembo kivulini. Kwa kazi ile ni paa zuri sana. Lakini pembeni mara nyingi liko wazi. Ukitaka kulala chini yake unalizungushia turubai pande zote nne, na zote nne zinapigwa na upepo. Kubwa zaidi kwangu ni uzito. Paa la kilo 40 linalopanda wima unalibeba lote. Paa hilohilo likiwa na bawaba upande mmoja, mikono yako upande wa pili inabeba kama nusu, kwa sababu nusu nyingine imebebwa na bawaba. Mara nyingi nasafiri na mdogo wangu wa kike tu, na nataka mmoja wetu aweze kulipandisha peke yake.

Lipo la bawaba ya ubavuni. Waingereza walilifanya maarufu miaka ya 1950, kampuni ya Martin Walter ya Folkestone, kwenye magari yao ya Dormobile yenye kitambaa cha mistari. Uzuri wake ni kwamba unasimama kwa urefu wote wa gari. Lakini upande mmoja una ukuta mrefu wa turubai, na ukiegesha vibaya unalala ukuta huo ukiwa umeelekea upepo. Kwetu mlango wa kuburuza uko kushoto, kwa hiyo ungetaka paa lifunguke kushoto, na hapo umeshajifunga: kila kijiji lazima uegeshe gari kwa namna moja. Uwanja wa mwenyeji hauko hivyo. Unaegesha anapokuonyesha.

Zikabaki mbili, bawaba nyuma au bawaba mbele.

Bawaba ikiwa nyuma, mdomo wa paa unafunguka juu ya dereva. Unapata hewa nzuri na kichwa unakilaza mbele. Kinachonitisha ni barabara. Kutoka Tabora kwenda Kigoma kuna vipande virefu vilivyonyooka vya kukimbia kilomita 80 kwa saa. Komeo likilegea kwenye mwendo huo, upepo unaingia chini ya mdomo wa mbele na kulinyanyua paa lote. Bawaba ikiwa mbele, upepo huohuo unapita juu, hauna mdomo wa kuingilia. Paa linaweza kugongagonga kwa nyuma, utalisikia, utasimama. Nimeuliza mafundi wa magari, nimewauliza pia madereva wa malori wanaojua turubai lililolegea linafanya nini, na wote waliniambia kitu kimoja: usiuache mdomo uelekee unakokwenda.

Kuna na faida ya usiku. Paa la bawaba ya mbele likiwa wazi linakaa kama kabari, mbele chini na nyuma juu. Kigoma kiangazi, upepo wa kusini-mashariki unavuma ziwani kwa nguvu, na ukilala Kibirizi au Katonga unaujua. Naelekeza pua ya gari kwenye upepo, upepo unapanda mgongoni mwa paa na kupita. Turubai la nyuma, ambalo ndilo refu, liko upande uliotulia, na hapo ndipo kichwa kinalala. Nafasi ya kusimama inakuwa nyuma ya mlango wa kuburuza, penye jiko na penye mswala.

Lina sharti moja. Mlango wa nyuma wa Hiace unafunguka kwenda juu. Ganda la paa lisivuke ukingo wake wala lisiutegemee. Kipimo kichukuliwe mlango ukiwa umefunguliwa wote, na ufunguliwe tena fundi akishapandisha ganda la majaribio. Fundi wa Arusha anayenitengenezea ganda la faiba nimemtumia vipimo hivyo kwa picha, futi kamba ikionekana.

Mambo ya ganda nayapitia haraka. Liwe jeupe, kwa sababu Oktoba huku jua halina huruma. Katikati ya matabaka ya faiba kuwe na povu gumu, si faiba tupu, ili joto la mchana lisikukute kitandani jioni.

Kwenye kukata nitakaa kidogo, maana hapo ndipo gari linaweza kuharibika kabisa. Fundi wangu wa kuchomelea hapa Tabora alishusha dari lote, lile la kitambaa, akanivuta mkono niguse. Bati la juu lilibonyea kwa kidole gumba. Kisha akaniwekea mkono kwenye mbavu zinazokatiza kutoka ubavu hadi ubavu.

“Mama, nguvu iko hapa,” aliniambia. “Bati ni la kuzuia mvua. Nikikata hizi bila kurudisha kitu, ukipita matuta bodi itajipinda na mlango wa kuburuza hautafunga.”

“Sasa utarudisha nini, fundi?”

“Fremu ya skwea paipu, kuzunguka tundu lote. Fremu kwanza, kukata baadaye.”

Mpangilio huo nimeupenda. Ubavu wa mbele kabisa, juu ya viti, na ule wa nyuma juu ya mlango haviguswi. Fremu inachomelewa kwa ndani ikishikana na mbavu na nguzo za pembeni gari likiwa bado zima, ndipo grenda inaingia kati. Kabla ya kuchomelea nyaya za betri zinafunguliwa, la sivyo unaweza kuunguza altaneta na vifaa vya umeme. Kioo cha mbele kinafunikwa blanketi lililoloweshwa, maana cheche za grenda zinaganda kwenye kioo na hazitoki. Na ukingo uliokatwa unapakwa redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Chuma kilichokatwa kikilala bila rangi kwenye unyevu wa masika, kutu imeshapata nyumba.

Turubai ndilo nililolishughulikia kuliko kitu kingine. Fundi anayeshona maturubai ya malori alinishauri lile la plastiki zito, akasema halivuji. Kweli halivuji, lakini halipumui pia. Watu wawili wakilala humo, asubuhi maji ya pumzi zao yanatiririka kwenye kuta. Nikamwomba anishonee mfuko wa turubai la pamba, kwa uzi wa pamba, mishono miwili miwili. Tukautundika kwenye tawi la mwembe nyuma ya karakana yake na kuujaza maji. Mwanzoni kila tundu la sindano lilitoa tone, mstari mzima wa matone. Yeye akanitazama. Nikamwambia, tusubiri. Pamba ikilowa inavimba. Mwendo wa saa moja hivi matone yalikuwa yamepungua, na tulipotoka kula mchana mshono ulikuwa na unyevu tu, haudondoshi. Tukauanika ukauke, tukaujaza tena, na safari hii ulitulia mapema zaidi. Kwa hiyo turubai likishashonwa lote litaloweshwa na kuanikwa kabla halijafungwa kwenye gari. Na sharti lake mnalijua: pamba haikunjwi mbichi ikaachwa. Ukilazimika kuondoka asubuhi na mvua, jioni unapandisha paa na kulikausha, la sivyo ukungu unalila.

Madirisha yatakuwa matatu, mawili ubavuni na moja kubwa nyuma, kila moja na zipu mbili: ya turubai kwa nje na ya neti kwa ndani. Neti nataka ile ya vyandarua, yenye matundu 156 kwa inchi ya mraba, si wavu wa madirisha ya nyumba. Ukilala upande wa Malagarasi, kwenye zile ardhi oevu zilizoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, utaelewa kwa nini naisisitiza. Malaria huku si ya kusimuliwa. Kwangu mimi neti ina kazi ya pili. Asubuhi jua likitoka nyuki wanakuja kufuata harufu ya ndoo, na wakiingia chini ya paa na mtu amelala ni hatari.

Shokapu za gesi, zile za kusaidia kupandisha paa, bado sijanunua, na sitanunua hadi ganda lifike na lipimwe kwenye mzani wa asali. Nguvu yake lazima ilingane na uzito halisi. Tena gesi inafuata joto: shokapu inayosukuma vizuri saa saba mchana, chuma kikiwa nyuzijoto 50, inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu hiyo ikiwa nyuzijoto 20 alfajiri. Kwa hiyo naweka pia nguzo mbili za chuma za kushikilia, zenye pini, ili hata shokapu zikichoka paa lisishuke juu ya mtu. Nyuma yatakuwepo makomeo mawili na mkanda mmoja, pamoja na swichi kama ile ya taa ya mlango, itakayowasha taa nyekundu kwenye dashibodi paa likiwa halijafungwa.

TRA, yaani mamlaka ya mapato, na watu wa bima nimeshawauliza kuhusu kubadilisha bodi, kabla ya kukata. Nawasihi na nyie mfanye hivyo kwanza.

Kukata ni baada ya mvua kuisha, karakana ikiwa kavu na fundi wa faiba akiwa ameshaleta ganda. Fundi turubai anasubiri nimpe rangi. Mimi nataka kaki, mdogo wangu anataka kijani cha majani ya miombo, na Jumamosi ndiyo siku ya kumjibu.