Sabres wamefunga saba, sawa, lakini mimi bado sishangilii

Haya, naandika 24 Desemba 2024: jana hatimaye Buffalo Sabres, timu yetu ya hoki ya barafu hapa jimbo la New York, wameshinda, 7-1 dhidi ya Islanders, na simu yangu haijatulia tangu usiku, watu wa grupu la WhatsApp wanatumiana vikatuni utadhani tumebeba kombe. Jamani! Kabla ya hapo tumefungwa mechi 13 mfululizo, yaani tangu mwisho wa Novemba hatujaonja ushindi, na juu ya hiyo ni misimu 13 hatujaingia playoffs, zile mechi za mtoano za kutafuta bingwa, mara ya mwisho ilikuwa 2011. Kuna watoto hapa mtaani West Side wamezaliwa baada ya hapo, sasa hivi wanakaribia kunipita urefu, na playoffs za timu yao hawazijui.

Iliyonimaliza kabisa ni ile ya Colorado, tarehe 3 Desemba. Kipindi cha kwanza kinaisha tunaongoza 4-0, tuko nyumbani, mtu unaanza hadi kutuma meseji za madharau kwa wenzako. Tukapigwa 5-4. Nne bila, halafu unafungwa tano kwa nne, we niambie hiyo unaielezaje?

Mimi naona ugonjwa ni uleule kila siku. Hawa vijana wakishaongoza wanaacha kucheza, paki, kile kisahani kinachopigwa na magongo, wakiipata wanaitupa tu mbele ilimradi iondoke, inarudi palepale, halafu mabeki wawili wote wanaikimbilia kwenye kona na mbele ya goli anabaki adui kasimama peke yake kama anasubiri matatu. Golikipa Luukkonen atafanya nini sasa? Bao moja likiingia tu unawaona mabega yameshuka. Na ni kweli Dahlin aliumia mgongo, kapteni akikosa inauma, lakini timu kubwa haifi kwa sababu ya mtu mmoja.

Eti meneja Kevyn Adams akaita waandishi akasema ni shida kuleta wachezaji wakubwa huku kwa sababu hatuna minazi, na kodi ya New York ni kali. Mashabiki wakamjibu, wakaenda uwanjani na minazi ya plastiki ya kupulizwa, nilicheka mpaka basi. Bwana mkubwa, mimi nimekulia Mombasa, minazi tunayo ya kugawa, mbona hatuna hata timu moja NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada? Na Winnipeg je, kule baridi inakata masikio kuliko hapa na msimu huu wa 2024/25 wanaua kila mtu.

Shida si minazi, shida ni kwamba wazuri tulikuwa nao tukawauza wenyewe. O'Reilly tulimpeleka St. Louis 2018, mwaka uliofuata akabeba kombe na akawa mchezaji bora wa playoffs. Eichel akaenda Vegas, kombe 2023. Reinhart na Montour wakaenda Florida, kombe 2024. Ukitoka Buffalo unapata kombe, hii ni kama dawa! Wanaobaki ni vijana wenye vipaji, sikatai, Tage Thompson akiachia shuti huoni hata paki imepita wapi, ila hakuna mkubwa wa kuwashika mkono mambo yakichacha, na kocha Lindy Ruff, aliyekuwepo hata ile 2011, hawezi kuvaa viatu vya barafu aingie mwenyewe.

Mpaka tajiri mwenye timu, Pegula, akaruka kwenda Montreal kuongea na wachezaji. Kesho yake wakapigwa 6-1 hukohuko. Sijui aliwaambia nini lol.

Kwa hiyo hiyo saba kwa moja ya jana mimi nimeipokea kwa mkono mmoja. Novemba 2018 hawahawa walishinda mechi 10 mfululizo, mji mzima ukapagawa, na playoffs bado hatukufika. Nataka kwanza wanionyeshe mechi tatu tu wameongoza wakalinda, ndio nitaanza kuangalia bei ya tiketi.