Nilivyoibaini RAM mbovu katika kompyuta ya dukani kwangu

Kwa muda wa miezi miwili, kompyuta ya mezani ninayoitegemea katika duka langu la kuchapa na kutoa nakala, hapa Morogoro, ilikuwa ikikwama na kutoa skrini ya bluu ya hitilafu katikati ya kazi, leo kwa ujumbe huu na kesho kwa ujumbe mwingine. Ni mashine ya Core i5 ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, yenye vipande viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika data ambayo kompyuta inaifanyia kazi) vya GB 4 kila kimoja. Fundi alipiga Windows upya mara mbili, kisha akaniambia, "Dada, hii diski imechoka." Nikanunua diski mpya, na wiki haikuisha kabla ya skrini ya bluu kurudi.

Kilichonizindua ni zoezi lenyewe la kupiga Windows. Lilikuwa linakatika likidai kwamba faili fulani halisomeki, lakini kila tuliporudia, faili lililolalamikiwa lilikuwa jingine. Nikawaza kwamba kama kasoro ingekuwa kwenye flashi au diski, ingejitokeza zaidi mahali palepale; kasoro inayohamahama hivi inaelekea kutoka mahali ambapo data yote hupita kabla ya kuandikwa, yaani kwenye RAM.

Nilipakua Memtest86+, programu ya bure, nikaiweka kwenye flashi na kuiwashia kompyuta kwa flashi hiyo. Ninaipenda kwa sababu hujiendesha bila Windows kabisa, kwa hiyo ikionesha makosa, Windows haina pa kulaumiwa. Mzunguko wa kwanza ulipita safi, na nakiri kwamba nilikaribia kuizima nikiamini kuwa RAM ni nzima. Niliiacha ifanye kazi usiku kucha. Nilipofungua duka alfajiri, chuma kikiwa kimeshapata joto, nilikuta mistari myekundu imejaa nusu ya skrini.

Mistari ile ilithibitisha kwamba kuna ubovu, lakini haikuniambia kama ubovu uko kwenye kipande cha RAM au kwenye sloti ya madabodi, yaani tundu la bodi kuu ambamo kipande hicho huchomekwa, na hapo ndipo ninapoona watu wengi wanaharakisha kununua. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, nikagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha nikatoa vipande vyote viwili na kusugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, kwani wakati mwingine uchafu pekee hutosha kuleta matatizo. Baada ya hapo nilipima kipande kimoja kimoja katika sloti ileile, kila kimoja kwa usiku wake mzima. Cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili kilitoa makosa, nacho nilipokihamishia sloti nyingine, makosa yalikifuata hukohuko, tena katika anwani zilezile za kumbukumbu. Usiku wa mwisho nilikiweka kile kizima katika sloti ya mwenzake, kikapita bila kosa hata moja. Sloti zilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa kipande cha pili.

Kariakoo muuzaji wa kwanza alinipa kipande cha GB 8 kwa bei ya GB 4. Nilipokigeuza niliona chipu ndogo ya ziada katikati, alama ya RAM za seva, ambazo kompyuta za kawaida kama yangu hazizikubali, nikakirudisha. Mashine yangu hutumia RAM ya aina ya DDR3; aina ya zamani zaidi, DDR2, nayo ina pini (meno) 240, ila pengo kwenye ukingo wenye meno limekaa mahali tofauti, kwa hiyo nilikwenda na kipande changu kibovu mfukoni ili nilinganishe. Nilinunua DDR3 iliyotumika, yenye maandishi PC3-12800, yaani ya kasi ya 1600, kwa Sh 20,000. Prosesa yangu huiendesha kwa kasi ya 1333 badala ya 1600, jambo lisilo na madhara. Niliipachika mpaka vishikizo vikajifunga kwa mlio, nikapima tena usiku kucha, na asubuhi hesabu ya makosa ilisomeka 0.

Kazi iliyonichosha ilibaki baada ya hapo. RAM mbovu haikwamishi mashine tu, bali huharibu kimyakimya kile unachokihifadhi, kwa hiyo nilifungua faili moja moja za wateja za miezi ile miwili. Wasifu wa kijana mmoja ulikataa kabisa kufunguka, na picha kadhaa za pasipoti zilikuwa na michirizi ya rangi kuanzia usawa wa kidevu kushuka chini. Nilizozikuta na nakala ya karatasi nilizichapa upya bila malipo. Wenye picha niliwapigia simu waje tuwapige picha upya. Kipande kile kibovu nilikivunja vipande viwili kabla ya kukitupa, kisije kikaokotwa na kuuzwa kwa mtu mwingine.